Jina Lililo Juu ya Mlango

Kutoka Azaiba hadi Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos ni dakika chache kwa gari, barabara isipokuwa na foleni. Kila mgeni anayefika pale huelezwa habari za zulia la ukumbi mkuu wa sala: urefu wake mita 70 na upana mita 60 hivi, uzito wake tani 21, fundo zake bilioni 1.7, na kwamba lilifumwa kwa miaka minne na wanawake 600 wa Khorasan, Iran. Sisi tuliokulia hapa tumezisikia hesabu hizo tangu tukiwa wadogo na tunaweza kuzitaja usingizini. Lakini zitazameni tena. Fundo zimehesabiwa. Tani zimepimwa. Wanawake nao wamehesabiwa, 600, kama fundo. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye mgeni huambiwa jina lake.

Na msikiti ule ulifunguliwa mwaka 2001, yaani juzi tu. Wengi wetu tulizaliwa miaka michache baadaye. Kama kazi ya juzi iko hivyo, ya miaka 150 iliyopita iweje?

Swali hili halikutujia msikitini. Lilizuka katika klabu yetu muhula huu, tulipoandaa maonyesho madogo ya picha. Wanachama waliombwa kuleta picha za vitu vya zamani vilivyomo majumbani mwao, au vya nyumba za ukoo huko Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu. Zikaja picha za makasha ya njumu, za kofia za kushonwa kwa mkono, za mikeka, za mbuzi ya kukunia nazi (huyu alishangiliwa kuliko wote). Lakini zilizozidi zote zilikuwa picha za milango ya nakshi. Chini ya kila picha tulitakiwa kuandika maelezo ya mistari mitatu. Picha ya kwanza ilikuja tayari na maelezo yake: mlango wa babu yake fulani, Mji Mkongwe, Unguja. Mwenzetu mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Babu aliuchonga yeye?"

Tulicheka. Kisha tukabishana mikutano miwili mizima. Kwa sababu babu hakuuchonga. Babu aliununua, au aliikuta nyumba na mlango wake. Lakini nyumbani kwetu sote husemwa "mlango wa babu", na hakuna aliyewahi kusikia mzee akisema "mlango wa fundi fulani".

Kwa wanachama ambao hawajawahi kusimama mbele ya mlango wa aina hii, tuueleze kwanza. Mlango wa nakshi wa Unguja una vipande viwili, na katikati yake hushuka nguzo nyembamba iliyochongwa, iitwayo mfaa, iliyoshikamana na kipande kimoja ili kingine kijifunge juu yake. Pembeni husimama miimo miwili, na juu yake hukaa kizingiti cha juu, ambacho ndicho uso wa mlango wote. Hauna bawaba kama milango yetu ya leo: kila kipande huzunguka juu ya ncha zake zilizoingizwa katika matundu ya juu na ya chini, ndiyo maana mlango mzito kiasi kile hufunguliwa na mtoto kwa mkono mmoja. Mbao zilizotumika sana ni msaji ulioletwa kutoka India, mvule na mfenesi. Vipande vyenyewe mara nyingi huachwa bila nakshi, ila hupigwa misumari ya shaba yenye vichwa vikubwa. Nakshi yenyewe iko pembezoni, kwenye miimo, mfaa na kizingiti cha juu.

Kwenye kizingiti hicho ndipo penye maandishi, kama mlango unayo. Huwa ni aya ya Kurani au jina la Mwenyezi Mungu, pengine tarehe ya Hijria, na pengine jina la mwenye nyumba. Mwenye nyumba, si mchongaji. Yule aliyekaa na patasi siku baada ya siku akilichonga jina la mtu mwingine, herufi kwa herufi, hakuacha lake mahali popote kwenye ubao ule.

Richard Burton, Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1857 au kabla kidogo, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1872 kwamba heshima ya mtu ilipimwa kwa ukubwa wa lango lake, uzito wa kufuli na unene wa misumari. Tumesoma maelezo yake zaidi ya mara moja. Anamzungumzia mwenye mlango, na mlango wenyewe. Mtengenezaji hayumo. Hatumlaumu Burton peke yake kwa hilo, maana sisi nyumbani kwetu tunazungumza vivyo hivyo.

Basi walikuwa nani? Kwa jumla yapo mambo kadhaa yanayojulikana. Milango ya zamani zaidi ina kizingiti kilichonyooka juu, na nakshi yake ni ya chini chini, haichimbi sana ubao. Wakati wa Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na baada yake, ilienea milango yenye tao juu na nakshi nene ya majani na maua inayofanana na ya Gujarat. Barghash mwenyewe aliwahi kuishi Bombay kabla ya kutawala, alikopelekwa baada ya kushindwa kumng'oa kaka yake Majid mwaka 1859, na ladha ya mji ule ilionekana katika majumba aliyoyajenga, likiwemo Beit al-Ajaib la mwaka 1883. Mafundi wa Kihindi walikuwepo mjini. Waswahili wachongaji walikuwepo tangu zamani, na huko kaskazini, katika visiwa vya Lamu, mji wa Siyu ulikuwa na mafundi wa milango wenye mtindo wao wa kukata michoro ya miraba na duara kwa ncha kali. Na walikuwepo watumwa. Katika Unguja ya karne ya 19 mtumwa mwenye ufundi aliweza kutumwa kufanya kazi kwa ujira, na sehemu ya ujira ule ikaenda kwa bwana wake. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 tu. Milango mingi tunayoipiga picha ilichongwa kabla ya hapo.

Hapa ndipo mjadala wetu ulipokuwa mgumu. Wengi wetu ni wajukuu na vitukuu wa watu waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, au waliorudi Oman baada ya 1970 Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliotawanyika. Nyumbani tumelelewa na hadithi ya kilichopotea: nyumba, shamba la mikarafuu, mlango. Mlango hasa, kwa sababu haukubebeka. Kasha lilipakiwa kwenye meli, kofia ikavaliwa kichwani, lakini mlango ulibaki ukutani. Kwa hiyo mtu akisema "mlango wa babu" hasemi habari ya seremala, anasema habari ya huzuni. Mwenzetu mmoja alilieleza hili vizuri sana, na baadhi yetu tuliona ametosha: acheni maelezo yabaki jinsi yalivyo.

Sisi tunaoandika makala haya hatukukubali, ingawa huzuni hiyo ni yetu pia. Sababu yetu ni kwamba fundi asiye na jina husemewa. Kila mmoja humtia kinywani maneno anayoyataka.

Mfano ni maana za nakshi. Mwaka 1924 F. R. Barton alichapisha makala fupi juu ya milango ya Unguja katika jarida la kielimu la Uingereza liitwalo Man, akapendekeza maana za michoro: samaki, yungiyungi, mnyororo, mtende, mti wa ubani. Tangu hapo maana hizo zimetembea. Leo ukienda Mji Mkongwe na kundi la watalii utaambiwa bila kusita kwamba samaki ni uzazi, mtende ni neema, ubani ni utajiri, na mnyororo ni ulinzi wa nyumba. Kwa mwingine mnyororo huohuo ni dalili kwamba mwenye nyumba alikuwa na watumwa. Na misumari ile ya shaba ni ya kuwazuia tembo wasiusukume mlango kwa vichwa, kama ilivyokuwa India zamani. Sawa, lakini Unguja hakuna tembo, na fundi aliyeigongomea alilijua hilo kuliko sisi.

Hatusemi kwamba michoro haina maana. Huenda baadhi yake ina maana hizo hasa. Lakini mtu anayefanya kazi ya mikono kila siku huwa na sababu nyingine pia: mwalimu wake alimfundisha hivi, mteja ameuona wa jirani na anautaka kama ule, mchoro wa mnyororo hujaza ukingo mrefu bila kuvunjika. Judith Aldrick, aliyeandika juu ya milango hii mwaka 1990, aliifuata njia ya kulinganisha mitindo, tarehe na miji, na kwa maoni yetu njia hiyo inamheshimu fundi zaidi kuliko kumgeuza kuwa mpiga ramli.

Ndipo tukaamua kuzitazama picha zenyewe. Tulizikuza kwenye skrini ya darasa, mwimo mmoja baada ya mwingine, na hii ilikuwa saa nzuri kuliko zote za muhula. Mchoro wa majani unaojirudia hupanda kutoka chini ya mwimo hadi juu, na lazima ufike pembeni mwa kizingiti ukiwa umekamilika. Katika mlango mmoja, mwimo wa kulia unafika sawasawa: jani la mwisho limetua pale hasa linapotakiwa. Mwimo wa kushoto wa mlango huohuo, jani la mwisho limebanwa, jembamba kuliko wenzake, na la kabla yake limepunguzwa kidogo ili lisionekane limebanwa. Yaani kuna mtu aliyegundua, ubao ukiwa umeshachongwa zaidi ya nusu, kwamba nafasi haitamtosha. Hakuutupa ubao wa msaji uliovuka bahari. Aliigawa ile kasoro juu ya majani mawili. Tulikuwa 11 darasani na tuliutazama ule mlango muda mrefu kabla ya mmoja wetu kuiona.

Mlango mwingine, wa mtindo wa Siyu, ulikuwa na duara zilizokatwa kwa bikari. Katikati ya kila duara bado panaonekana kitobo kidogo, pale ncha ya bikari iliposimama. Msasa ungeweza kukifuta, au nta kukiziba. Viko vyote, vitobo 14 kwa mstari. Hatukujua tufurahie nini zaidi, duara au vitobo.

Na miimo miwili ya mlango wa tatu haikuchongwa na mkono mmoja. Mmoja una ukingo mkali wa majani, mwingine umezungushwa na kulainishwa. Yaelekea karakana ilikuwa na fundi na mwanagenzi, au mafundi wawili wakifanya kazi kwa wakati mmoja ili mlango uwahi. Huenda hii ni sababu mojawapo ya kukosekana kwa jina: lingekuwa jina la nani? La aliyepasua mbao, aliyechora, aliyechonga, au kijana aliyesugua?

Wako waliotwambia kwamba mafundi wa zamani hawakuandika majina yao kwa unyenyekevu, kwa kuwa kazi njema haitakiwi kutangazwa. Ni jibu zuri, na kwa baadhi yao huenda lilikuwa kweli. Lakini hapa Oman tunayo majibu mengine. Katika mji wa Manah, karibu na Nizwa, iko misikiti ya kale ambayo mihirabu yake imepambwa kwa chokaa iliyochongwa, maandishi na maua na nyota, na katikati yake limepachikwa bakuli la kauri la China. Ni kazi za mwanzoni mwa karne ya 16. Na fundi ameandika jina lake: Abdallah bin Qasim al-Humaimi. Liko ndani ya mihirabu, mahali patukufu kuliko pote msikitini, na halikumzuia mtu kusali kwa miaka 500. Kwa hiyo dini haikukataza, wala desturi ya nchi haikukataza. Palipotakiwa jina la fundi, liliandikwa. (Aliyelifinyanga bakuli lile huko China ni habari nyingine, naye hayumo.)

Ukivuka bahari hadi Kizimkazi, kusini mwa Unguja, utakuta msikiti wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yaliyobaki katika mwambao wetu. Yanamtaja Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad, ambaye ndiye aliyeamrisha ujenzi. Aliyechonga herufi zile, ambazo uzuri wake huwafanya watu wasafiri kwenda kuziona, hatajwi. Na jumba la Jabrin, alilolijenga Imamu Bil'arab bin Sultan al-Ya'rubi katika karne ya 17, dari zake zimechorwa maua kwa rangi ambazo hadi leo zinawaka. Kila mwanafunzi wa Oman amepelekwa Jabrin angalau mara moja kwa basi la shule. Jina la Imamu sote tunalijua, na kaburi lake limo ndani ya ngome. Waliolala chali juu ya majukwaa wakichora dari hawana mahali.

Kwa hiyo, tukirudi kwenye kizingiti cha juu cha mlango wa Unguja, kukosekana kwa jina hakukuwa jambo la maumbile, kama mvua. Mtu alilipa, na aliyelipa ndiye aliyechagua jina gani liandikwe. Tunayaandika haya tukijua kwamba baadhi ya waliolipa ni wazee wetu.

Mwalimu wetu mmoja alituuliza kama tunataka kuwavua babu zetu heshima. La, mwalimu. Bila mteja mwenye macho na mwenye subira ya kungoja, mlango ule usingekuwepo. Aliyeuagiza alijua kizuri ni kipi, na hilo nalo ni jambo la kusifiwa. Lakini ni sifa ya namna yake, na isichukue nafasi ya sifa nyingine. Tena wako watu wa tatu ambao katika mazungumzo yetu ya Azaiba husahaulika kabisa, nao ni wale wanaoishi nyuma ya milango ile leo, wanaoipaka mafuta, wanaorudisha msumari ukidondoka, au wanaouza mlango wakikosa la kufanya. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985 na uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini orodha haishiki patasi. Siku ya Krismasi ya mwaka 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu walipoteza maisha. Baada ya hapo walioitwa walikuwa waashi na maseremala.

Mwishowe maelezo ya picha yaliandikwa hivi: mahali, aina ya mbao kama inajulikana, mtindo, tarehe kama ipo kwenye ubao, jina la familia iliyoishi humo, jina la mtaa. Na mstari mmoja wa peke yake: Fundi: jina halikuandikwa. Walikuwepo waliotaka mstari huo uachwe, kwa kuwa ukirudiwa chini ya picha 23 unachosha. Tuliurudia mara 23. Mgeni mmoja, mama mtu mzima aliyezaliwa Vuga, alipita akiusoma kila mara kwa sauti, picha baada ya picha, na alipofika ya mwisho alisema tu, "Masikini, wote hawa." Kisha akatuuliza kama picha ya mlango wa kwanza inauzwa.

Jambo moja limebaki nalo linahitaji wanachama. Azaiba yetu imejaa milango mipya, mingine imekatwa kwa mashine ya kompyuta na mingine kwa mkono, na baadhi yake imeigizwa waziwazi kutoka Unguja, mfaa na misumari na kila kitu. Inatengenezwa karibu sana. Ukivuka barabara kuu kuelekea Ghala kuna karakana za mbao ambamo wanaume kutoka India, Pakistan na Bangladesh wanachonga kuanzia asubuhi. Tulipowauliza wenye nyumba wanne wa mtaani kwetu, wote walikumbuka bei ya mlango, na mmoja alikuwa bado na namba ya simu ya duka. Jina la aliyeuchonga hakulijua hata mmoja.

Tutakwenda Ghala Jumamosi mbili zijazo, baada ya alasiri, kazi inapopungua. Wanaojua Kihindi au Kiurdu wanahitajika zaidi, na katika klabu hii hamkosekani. Tutauliza mambo manne: jina kamili, kijiji, nani alikufundisha, na ni mlango gani katika Muscat ambao ungependa twende tukautazame. Njooni na daftari, na atakayeweza aje na kamera nzuri.